Tuzo ya Bomba la Saba

Nikisema koki, mniitikie fungua. Koki!

Fungua!

Ndoo!

Kinga!

Yakija na tope?

Mwaga!

Mmeitikia vizuri, isipokuwa huyo aliyekaa karibu na mtungi, ambaye mdomo aliufungua kupiga miayo. Nakuona. Hadithi ya leo ina maji mengi, na atakayesinzia ataamka mkeka umelowa, asije akasema ni mimi.

Hapo zamani, zamani zile ambazo wanyama walikuwa na ofisi na mihuri, palikuwa na bonde likiitwa Bonde la Matete. Kule juu, chini ya mwamba, palikuwa na chemchemi. Maji yake yalikuwa baridi, matamu, ukichungulia unahesabu kokoto za chini. Kando yake palikuwa na bwawa. Bwawa sitalieleza sana kwa sababu naona wengine bado mnatafuna. Bomba kuu moja refu lilitoka huko juu likateremka mtaa kwa mtaa, na kila mtaa ulikuwa na bomba lake la kuchotea. Kulikuwa na Bomba la Kwanza, Bomba la Pili, hivyo hivyo mpaka Bomba la Saba, kule mwisho kabisa bondeni.

Mkurugenzi wa maji alikuwa Kiboko. Alikuwa na mwili mkubwa, sauti kubwa, kiti kikubwa, na tamaa kubwa kuliko kiti. Chemchemi aliizungushia ua wa miiba, akasimamisha kibao: MITAMBO. HATARI. USIINGIE. Ndani hamkuwa na mtambo hata mmoja. Mlikuwa na kata yake ya kunywea, basi. Bomba kuu la raia akalichomeka bwawani.

Kwa hiyo Kiboko alikunywa chemchemini na kuoga bwawani. Asubuhi alikunywa chemchemini, gudu gudu gudu. Mchana alioga bwawani yeye na mashemeji zake, bwaa! Na mnajua mkia wa kiboko hufanya nini akiwa majini. Pwata pwata pwata. Nimesema mnatafuna, basi tuendelee.

Mkaguzi wa maji alikuwa Chura, jina lake Mwanamvua. Alikuwa mdogo hata ukimkalisha juu ya kitabu cha sheria hajazi ukurasa. Lakini kazi yake aliijua, na fahari alikuwa nayo, wala hakuificha.

"Wenzangu mnakunywa maji kwa mdomo," alikuwa akisema. "Mimi nayanywa kwa ngozi nzima. Watanificha nini?"

Na ilikuwa kweli. Alitumbukiza mguu mmoja tu, chub, akakwambia maji yametoka wapi, yamepita kwenye kutu gani, na nani aliyaoga jana. Mama yake alikuwa mkaguzi, na bibi yake kabla ya hapo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutia sahihi uongo.

Sasa sikilizeni sheria ya bonde lile. Ilisema hivi: mwezi ukiandama, mwenye maji atajaza chupa saba, moja kwa kila bomba, ataandika namba ya bomba kwa mkono wake, naye mkaguzi atapima chupa alizoletewa. Alizoletewa. Neno hilo Kiboko mwenyewe ndiye aliyelichomeka siku ya kikao, wakati wajumbe wanagombania karanga. Wakapitisha wote kwa kauli moja, midomo imejaa.

Basi mwezi ukiandama, Kiboko aliingia uani kwake na kapu la chupa. Alijaza ya kwanza chemchemini, gudu, akaandika: Bomba la Kwanza. Alijaza ya pili chemchemini, gudu, akaandika: Bomba la Pili. Hivyo hivyo mpaka ya saba. Kisha akampelekea Mwanamvua.

Mwanamvua alitumbukiza mguu katika ya kwanza, chub. Safi. Alitumbukiza katika ya pili, chub. Safi. Mpaka ya saba, chub, safi kabisa. Afanyeje? Aliandika vyeti saba, akapiga mihuri saba, vikagongomelewa juu ya mabomba saba: MAJI HAYA NI SAFI NA SALAMA. Chini yake, sahihi: Mwanamvua, Mkaguzi.

Asubuhi moja, maji yake ya mvua yalipomwishia kwa mara ya kwanza, alikwenda kuchota maji Bomba la Saba, maana nyumba yake ilikuwa mtaa huo huo. Akamkuta Mama Digidigi, jirani yake, na ndoo tupu. Mtoto wake alikuwa amelala mgongoni, miguu inaning'inia kama kamba. Siku ya tatu tumbo linamwendesha.

"Jirani," alisema Mama Digidigi, "mimi kusoma najua kidogo. Hebu nisaidie. Hapo juu pameandikwa maji ni safi?"

"Ndiyo, jirani."

"Na sahihi hii si yako?"

Mwanamvua aliinua mkono akakinga tone moja lililokuwa linachuruzika kwenye koki. Ngozi ikamwasha mpaka kwapani. Bwawa. Bwawa, na mashemeji watatu.

"Ni yangu," alisema.

Mama Digidigi alijaza ndoo yake, kwa sababu hapakuwa na maji mengine, akaondoka. Afadhali angetukana. Mwanamvua alibaki pale akikitazama kile cheti, na aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu aanze kutembea kwa miguu minne.

Alikwenda kwa Kiboko, topu topu topu, mpaka ofisini.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, maji ya Bomba la Saba si yale ya kwenye chupa."

"Bi Mwanamvua," alisema Kiboko, akijinyoosha kitini, kiti kikalia kwii, "chupa nimekuletea?"

"Umeleta."

"Umeipima?"

"Nimeipima."

"Imekuwaje?"

"Safi."

"Basi unalalamika nini, mama? Sheria imesema upime ulicholetewa. Nenda kapumzike."

Alikwenda kwa Mtemi Tembo, topu topu topu, mpaka barazani. Mtemi hakuwa mbaya. Alikuwa anapenda karatasi tu. Alivaa miwani, akavitazama vile vyeti saba kimoja kimoja.

"Lakini hivi umevitia sahihi wewe," alisema Mtemi. "Nikuamini wewe uliyesimama hapa, au wewe uliyeko kwenye karatasi?"

Mwanamvua alirudi nyumbani, akakifungua kitabu cha sheria. Alikisoma kwa namna yake, akitembea juu ya kila mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akirudi tena kushoto. Alitembea siku mbili. Kwenye ukurasa wa mwisho, kifungu cha mwisho, alisimama. Akakipita tena kwa miguu yote minne. Halafu akacheka, kro kro kro, mpaka majirani wakajua mvua inakuja wakaanua nguo.

Mwezi ukaandama. Kiboko akaleta kapu. Mwanamvua akapima, chub, chub, chub, mpaka ya saba. Safari hii hakuandika cheti. Alichukua ngoma, chupa ya saba na kitabu cha sheria, akaenda navyo sokoni. Gidigidi gim!

"Raia wa Matete," alisema, "nimepima maji miaka tisa. Mama yangu alipima, bibi yangu alipima. Hatujapata kuona maji kama ya chupa hii. Ni matamu, ni baridi, hayana hata chembe. Natangaza kwamba maji bora katika bonde letu ni ya Bomba la Saba, na Mkurugenzi wetu anastahili tuzo."

Watu wa Bomba la Saba walitazamana. Mama Digidigi akamkazia macho jirani yake kama anayetaka kumponda kwa ndoo. Lakini Kiboko alikuwa amekwisha simama. Kifua kilimtanuka, shingo ikapotea.

"Ni kweli," alinguruma. "Nimejitolea sana. Bomba la Saba nalijali kuliko macho yangu. Leteni hiyo tuzo."

"Unakiri mbele ya raia kwamba maji ya chupa hii yametoka Bomba la Saba?"

"Nakiri. Mwandiko si wangu huo?"

"Ni wako, Mheshimiwa." Mwanamvua akafungua kitabu. "Basi kifungu cha mwisho kinasema: bomba lililopata tuzo, Mtemi atakwenda kunywa hapo kwa mkonga wake mwenyewe, ashibe, mbele ya raia wote, siku ya sita baada ya kutangazwa."

Kifungu hicho Kiboko hakuwahi kukisoma. Siku ya kikao, walipofika ukurasa wa mwisho, yeye ndiye aliyekuwa anagawa karanga.

Kifua kikashuka, fyuuu. Shingo ikarudi.

Jioni hiyo hiyo alikuwa mlangoni kwa Mwanamvua, ameinama mpaka kidevu kiko chini.

"Bi Mwanamvua, dada yangu, tuzo tuihamishie Bomba la Kwanza. Ni karibu, Mtemi asichoke."

"Chupa imesema Saba, Mheshimiwa."

"Nimpelekee Mtemi maji nyumbani kwake, kwenye mtungi."

"Kitabu kimesema kwa mkonga, bombani."

"Tuseme bomba limeharibika."

"Vizuri. Nitaandika kwamba liliharibika baada ya Mkurugenzi kulisifu sokoni. Mtemi atataka kuja kulitazama."

Kiboko alitazama chini. Alijua Mtemi akinywa maji ya bwawa, kwanza ataugua, halafu atapona, na baada ya kupona atakuja kumtafuta. Alikwenda kuwaamsha mashemeji.

Siku ya kwanza waling'oa kibao cha MITAMBO na ua wa miiba, kwacha kwacha. Siku ya pili walichimba mtaro kutoka chemchemini, chaka chaka chaka. Mashemeji wakauliza, "Tunachimba mpaka lini?" Kiboko akajibu, "Chimbeni." Siku ya tatu walilichomoa bomba kuu bwawani wakalichomeka chemchemini. Siku ya nne wakafungua koki zote kusafisha njia. Bomba la Kwanza likatoa tope. Bomba la Pili likatoa tope. Bomba la Saba likatoa tope, na majani, na kitu kingine ambacho shemeji mmoja alikitambua akaangalia pembeni. Siku ya tano tope likawa chai, chai ikawa maji. Kumbukeni Bomba la Saba ndilo la mwisho. Huwezi kulipelekea maji mazuri bila kuyapitisha kwenye yale sita mengine. Kiboko alilijua hilo, na lilimuuma kuliko malengelenge.

Siku ya sita Mtemi Tembo alifika, na familia yake yote, na bonde zima nyuma yao. Kiboko alisimama kando ya bomba, jasho likimtiririka.

"Kwanza mkaguzi," alisema Mtemi.

Mwanamvua alipanda juu ya jiwe. Hakuna aliyemletea chupa. Aliifungua koki mwenyewe, akautia mguu ndani ya maji yanayotoka. Chub. Akafumba macho. Yalikuwa yamepita chini ya mwamba, kwenye kokoto, kwenye udongo mpya wa mtaro. Hapakuwa na shemeji hata mmoja.

"Safi," alisema, kisha akalirudia kwa sauti kubwa, kwa sababu lile neno alikuwa amelirudia miaka mingi na siku hiyo ndiyo alilihisi.

Mtemi akaingiza mkonga. Fyooonz. Akanywa. Fyooonz. Akanywa tena. Akanywa mpaka masikio yakalegea.

"Maji haya," alisema hatimaye, "yanastahili zaidi ya tuzo. Mkurugenzi, kuanzia leo nitakuwa nakuja kunywa hapa. Sitakwambia siku. Nikishikwa na kiu tu, utaniona."

Watu wa Bomba la Saba wakapiga vigelegele. Kiboko alivishwa nishani shingoni, na bango kubwa likasimamishwa: MAJI HAYA YALILETWA NA JUHUDI ZA MKURUGENZI KIBOKO. Alisimama chini ya bango, anacheka upande mmoja na kulia upande mwingine. Chemchemi yake yote ilikuwa imeingia bombani. Tangu siku hiyo, akitaka kunywa, alishika ndoo akapanga foleni Bomba la Kwanza, nishani shingoni, nyuma ya Kobe ambaye hachoti haraka.

Mwezi uliofuata Mama Digidigi alikuja kuchota maji. Mtoto alikuwa anaruka mbele yake, anakanyaga kila kidimbwi. Akamkuta Mwanamvua anagongomelea cheti kipya.

"Jirani," alisema Mama Digidigi, "pameandikwa maji ni safi?"

"Ndiyo, jirani."

"Na sahihi hii si yako?"

Mwanamvua aligeuka akamtazama usoni. Akajivimbisha koo, akawa mkubwa kiasi kwamba siku hiyo angejaza ukurasa.

"Ni yangu," alisema. "Ni yangu, na ya mama yangu, na ya bibi yangu."

Mama Digidigi akajaza ndoo, akanywa kwanza palepale kwa kiganja, akampa na mtoto.

Sasa funzo, maana najua hamlali bila funzo. Funzo la hadithi hii ni kwamba cheti hakisemi uongo kamwe. Wakati mwingine kinatangulia tu, na ukweli unakuja nyuma, umebebwa na mashemeji. Kwa hiyo mkimwona mkubwa anawadanganya, msimbishie. Ni utovu wa adabu. Mpeni tuzo, halafu mwalikeni tembo mwenye kiu. Na mumheshimu sana Kiboko, kwani maji aliyaleta yeye. Bango limesema, nanyi ni nani mbishane na bango?

Koki!

Funga!

Ndoo?

Imejaa!

Haya, nendeni mkalale. Na wewe wa karibu na mtungi, kabla hujanywa hayo maji, muulize kwanza aliyeyajaza ameyatoa wapi.