Lango la Saba

Chumba kilikuwa juu ya duka la fundi simu pale Mwanga, katikati ya mji wa Kigoma, na Jumamosi hiyo kilijaa pomoni. Vijana zaidi ya ishirini walikuwa wamebanana mbele ya kompyuta moja, jasho likiwatiririka, macho yamewatoka kama ya samaki aliyetolewa majini. Walikuja kuujaribu mchezo uitwao Ngome ya Zohali, ambao Erasto na wenzake wawili walikuwa wameutengeneza kwa muda wa miaka miwili. Baada ya wiki mbili ungepelekwa Dar es Salaam kushindanishwa na michezo mingine ya kompyuta iliyobuniwa na vijana wa nchi nzima.

Kazi walikuwa wamegawana. Oswald aliandika programu. Irambona, binti wa familia ya Kirundi iliyohamia mtaa wa Buzebazeba, alichora sura na mandhari zote. Erasto ndiye aliyekuwa kiongozi na mtunzi wa hadithi. Hadithi yenyewe ilihusu vita vya miaka mia tano ijayo, katika ngome inayoelea karibu na sayari ya Zohali. Mashine za adui zinawafukuza watu kwenye ujia mrefu, na Jemadari Sango, mkuu wa ngome, anapaswa kuamua: afunge Lango la Saba na kuwaacha nje watu mia nne, au asubiri na kuwahatarisha elfu arobaini walio ndani.

"Funga! Funga!" vijana walipiga kelele.

Mchezaji akabonyeza. Lango likashuka kwa kishindo. Jemadari Sango akageuka, akaagiza kahawa, kisha akasema maneno ambayo Erasto aliyapenda kuliko yote aliyowahi kuyaandika: "Mia nne kwa elfu arobaini. Kiongozi hahesabu machozi." Akavishwa nishani. Chumba kizima kililipuka kwa shangwe, utadhani timu yao imefunga bao dakika ya mwisho.

Irambona hakushangilia. Alikuwa amesimama dirishani. Yeye alichora umati gizani, basi. Lakini asubuhi ile Erasto alikuwa ameongeza maneno chini ya picha bila kumwambia: "Katika umati yumo bikizee aliyembeba mjukuu wa miaka minne. Mtoto amevaa kiatu kimoja. Anaita: Mama, nisubiri."

Irambona alingoja vijana wote wateremke ngazi, kisha akamgeukia kiongozi wake.

"Erasto, mtoto wa kiatu kimoja umemtoa wapi?"

Erasto akacheka kidogo. "Si unajua? Mama yako alitusimulia. Umeona ilivyowagusa watu?"

"Imewagusa? Walikuwa wanashangilia!"

Mtoto huyo alikuwa Térence, kaka yake Irambona, ambaye Irambona mwenyewe hakuwahi kumwona. Katika vita vya kule kwao, kabla Irambona hajazaliwa, mama yao Niyokwizera alikuwa akikimbia na wenzake kuelekea mpakani. Alitangulia kuvuka daraja la mbao akiwa na mzigo kichwani; Térence alikuwa nyuma, mgongoni mwa bibi yake. Kamanda mmoja aliyekuwa akiwalinda wakimbizi aliamuru mbao za daraja zing'olewe ili adui asivuke. Ziling'olewa. Niyokwizera alisimama ng'ambo, akasikia mwanawe akimwita mpaka sauti ikakatika. Kisa hicho hakuwa amewasimulia watu wengi. Aliwasimulia Erasto na Oswald jioni moja kwa sababu walikuwa wageni wa binti yake, wamekaa kwenye mkeka wake, wanakula ugali wake kwa samaki wa migebuka.

"Ulikula migebuka ya mama yangu, ukanawa mikono, ukaenda kumfanya kaka yangu mchezo," Irambona alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilikata kama wembe.

"Ni hadithi tu, Irambona. Acha hasira za mkizi."

"Na kwa nini anayesubiri hushindwa kila mara? Nimejaribu mara sita. Ukibonyeza 'Subiri', ngome yote inalipuka. Nani aliamua iwe hivyo?"

"Mimi. Uamuzi mgumu wa kiongozi vitani ndio huo."

"Ugumu wake uko wapi? Sango anakunywa kahawa! Hakuna kilichomuuma, na wewe hakuna kilichokuuma. Umeketi hapa kwenye kiti unaamua nani abaki nje, halafu unajipigia makofi."

Oswald alijaribu kuingilia. "Jamani, tuzungumze taratibu..."

Lakini Irambona alikwisha kutia mkoba begani. Alishuka ngazi bila kuaga.

Erasto alibaki amevimba kichwa. "Atarudi," alimwambia Oswald. "Vitani hakuna mama yangu wala mama yako. Ni hesabu."

Alhamisi iliyofuata, alasiri, simu yake iliita. Mama yake, Bi. Rozalia, alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Siku hiyo alikuwa akirudi kutoka vijiji vya kaskazini pamoja na mdogo wake, Frida, kwa boti la abiria, kwa kuwa njia ya huko ni ziwa. Mpigaji alisema maneno machache tu: upepo umelichafua ziwa, boti limepigwa ubavuni, limepinduka.

Erasto alipanda bodaboda mpaka ufukwe wa Kibirizi. Alikuta umati umejaa mchangani. Boti jingine, lililokuwa likipita karibu, lilikuwa limewaokoa watu na ndiyo kwanza linafika. Walishuka wakitetemeka, nguo zimewaganda mwilini. Erasto alitazama kila uso. Alitazama tena. Mama yake hakuwamo. Mama mdogo Frida hakuwamo.

Alimwendea nahodha, mtu wa makamo aliyeitwa Martini.

"Mama yangu yuko wapi? Rozalia, wa mawese?"

Martini alifuta maji usoni. "Wamebaki saba, wameshikilia boti lililopinduka. Langu lilijaa kupita kiasi, maji yalianza kuingia. Ningesubiri, tungezama wote."

Erasto alimkamata ukosi wa shati. "Umewaacha?"

"Nimeokoa ishirini na watatu, mdogo wangu."

"Sikuulizi ishirini na watatu! Nakuuliza mama yangu! Wewe ni nani hata uamue?"

Watu waliwaachanisha. Martini aligeuza boti palepale, akaingia ziwani na wanaume wawili, na mawimbi yakawarusha kama maganda ya karanga. Walitafuta mpaka giza likawafunga macho, wakarudi mikono mitupu.

Bi. Rozalia alipatikana asubuhi akiwa hai, ametupwa ufukweni, mkono wake umefungwa kwa kanga kwenye dumu tupu la mawese. Wengine watano walipatikana hai. Frida alipatikana Jumamosi, naye hakuwa hai.

Hospitalini, Bi. Rozalia alisimulia macho yake yakiwa ukutani.

"Aliniangalia, Erasto. Tulionana macho kwa macho, mimi na yule nahodha. Nikampungia mkono. Akageuza boti. Nikakitazama kisogo chake kikiwa kidogo, kidogo, mpaka kikapotea. Frida akaniuliza, 'Dada, anarudi?' Nikamwambia anarudi. Akaniuliza tena. Nikamwambia tena. Mara ya tatu hakuuliza."

Erasto alitoka nje, akapiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikatoka damu.

Siku ya mazishi ya Frida, Martini alikuja. Alisimama mbali na waombolezaji, kofia mkononi. Erasto alimwona, damu ikamchemka. Aliwapita wazee, akawapita wanawake waliokuwa wakilia, akamfikia akiwa amekunja ngumi.

"Umekuja kutazama hesabu yako?"

"Nipige," Martini alisema. "Nipige, huenda nikapata nafuu. Tangu siku ile chakula hakishuki. Sokoni watu wananiita shujaa. Kila wakiniita hivyo, naiona mikono ya wale akina mama. Kama nilikosea, sijui. Kama nilipatia, sijui. Hicho ndicho kinachonila."

Ngumi ya Erasto ilishuka yenyewe. Hasira haikumtoka, ilikosa tu mahali pa kutua, ikamrudia mwenyewe. Huyu ndiye mtu aliyefunga lango kwelikweli, na hakuwa na kahawa wala nishani. Alikuwa na macho mekundu na kofia aliyoisokota mpaka ikapoteza umbo.

Kesho yake Erasto alikwenda Buzebazeba. Alimkuta Niyokwizera uani anapukuchua maharage, Irambona akiwa karibu naye.

"Shikamoo, mama."

Niyokwizera hakuitika. Erasto alikaa chini, kwenye udongo, akaeleza yote: alichokiandika, vijana walivyoshangilia, ziwa, mama yake, mama mdogo. Akaomba msamaha.

"Pole kwa msiba," Niyokwizera alisema mwishowe, mikono yake ikiendelea na maharage. "Nakupa pole kwa sababu mama yako ni mzazi mwenzangu. Lakini nikuulize, mwanangu. Siku ile, hapa hapa, nilipokusimulia Térence, ulisikia nini?"

Erasto aliinamisha kichwa. "Nilisikia hadithi nzuri."

"Na leo?"

"Leo nimemsikia mama yangu, akimwita mtu asiyegeuka."

"Kwa hiyo ilikuwa lazima awe mama yako?"

Swali lile lilimwingia kama mwiba wa mchongoma. Alimgeukia Irambona kama mtu anayetafuta tawi la kushika.

"Nimeifuta sehemu yote ya lango. Nimeuondoa mchezo kwenye mashindano. Oswald hataki hata kuniona."

Irambona alimkazia macho yaliyowaka. "Uliandika bila kuniuliza. Sasa umefuta bila kuniuliza. Térence ni wetu, Erasto. Hukuwa na haki ya kumwua kwenye kioo cha kompyuta, na hukuwa na haki ya kumfuta. Hata leo bado ni wewe unayeamua peke yako."

Erasto aliinuka, akajipangusa vumbi, akatoka uani bila mtu yeyote kumsindikiza, kisha akashika njia ya hospitali alikolazwa mama yake. Aliyetoa hukumu ya wengine akiwa kitini alikuwa amejifunza uzito wake kwa kuomboleza watu wa damu yake, na somo lilikuwa limekuja kwa kuchelewa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.