Kidigi na Mnyama Ndundundu

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele akae, wa nyuma asogee, na mwenye hindi mdomoni atafune kwanza, maana hadithi hii ina kuitikia.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakiamkiana kila asubuhi, palikuwa na digidigi, yule paa mdogo mwenye miguu kama vijiti. Alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Kidigi.

Mwaka ule jua likawaka. Majani yakakauka, na maziwa ya mama yakakauka. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kidimbwini, ng'ambo ya uwanda mweupe usio na hata kichaka.

Mama akasema, "Mwanangu, maji hayabebeki kwa kwato. Usipokwenda kunywa, utakufa. Twende."

Kidigi akatia mguu uwandani. Mara akasikia: Ndu-ndu-ndu!

"Mama, kuna mnyama!"

Akageuka, mbio. Kadiri alivyokimbia, ndivyo kishindo kilivyozidi. Haya, itikieni: Ndu-ndu-ndu! Ndu-ndu-ndu!

Akafika kwa Mhanga, mchimba mashimo.

"Shikamoo, Mjomba. Nifiche, Ndundundu ananifuata!"

"Marahaba. Ingia ndani."

Kidigi akaingia mpaka mwisho wa shimo. Mhanga akaziba mlango kwa mgongo. Kimya. Halafu: Ndu-ndu-ndu!

"Mjomba, tumeingia naye!" Akamruka Mhanga, huyoo.

Akafika kwa Nungunungu.

"Shikamoo, Shangazi. Nifiche, Ndundundu ananifuata!"

"Marahaba. Kaa nyuma ya miiba yangu. Atakayekuja atajuta."

Kidigi akajikunyata. Kimya. Halafu: Ndu-ndu-ndu!

"Shangazi, amepita kwenye miiba!"

"Amepitaje, na mimi sijachoma mtu?"

Kidigi hakungoja kujibu. Akafika kwa Tembo.

"Shikamoo, Babu. Nifiche, Ndundundu ananifuata!"

"Marahaba. Simama chini ya tumbo langu. Simba mwenyewe hapiti hapa."

Kimya. Halafu: Ndu-ndu-ndu!

"Babu, yupo!"

Tembo akatazama mbele, akatazama nyuma, akainua nyayo zake moja moja. "Sioni kitu. Hebu nenda kwenu, mtoto wewe. Utanitia kiwewe na mwili wangu huu wote!"

Kidigi akarudi kwa mama yake, ulimi mkavu kama gome la mti.

"Mama, nimekwisha. Kila ninapojificha, yupo."

Mama alikuwa amechoka. Hakumwambia "usiogope", maana neno hilo halijawahi kumkausha mtu jasho. Alijilaza chini, akasema, "Weka sikio hapa kifuani."

Kidigi akaweka. Ndu... ndu... ndu.

Akaruka juu. "Mama! Umemmeza!"

Mama akacheka mpaka akapaliwa. "Sikummeza, nimezaliwa naye. Nawe umezaliwa naye. Ni moyo huo, mwanangu. Ni mlinzi wako, ila ana haraka. Akiona nyoka hupiga kelele, akiona kamba hupiga kelele."

"Nimfukuzeje?"

"Ukimfukuza utakufa. Msikilize, halafu uhakikishe. Akipiga kelele, simama. Vuta pumzi mpaka tumboni, itoe polepole kama unayepuliza uji wa moto. Kisha tazama, sikiliza, nusa. Kama hakuna kitu, mwambie: 'Nimekusikia, twende wote.' Kama kipo, kimbia!"

"Na wewe humsikia, Mama, ukiwa uwandani?"

"Kila siku. Na kila siku naenda naye."

Basi wakatoka. Walipofika uwandani: Ndu-ndu-ndu! Kidigi akasimama, akapuliza uji wake. Akatazama, akasikiliza, akanusa. Ni nyasi tu. "Nimekusikia, twende wote."

Katikati ya uwanda: Ndu-ndu-ndu! Akapuliza tena. Akatazama, akasikiliza, akanusa. Ni kivuli cha kunguru. "Nimekusikia, twende wote." Akatia mguu mbele.

Karibu na maji: Ndu-ndu-ndu! Akapuliza, akatazama, akasikiliza, akanusa...

"Mama, Mbweha! Kimbia!"

Wakakata kulia, wakakata kushoto, wakakata kulia. Mbweha aliyekuwa amejibanza nyuma ya jiwe akaruka, akauma vumbi. Akapiga chafya, akaenda zake kwa aibu. Digidigi wakazunguka kidimbwi, wakanywa kwa upande wa pili.

Kidigi akanywa mpaka tumbo likawa kama kibuyu. Akasikiliza kifua chake. Ndu... ndu... ndu.

"Mama, amelala?"

"Hajalala. Naye alikuwa na kiu."

Basi, wanangu, hofu haifukuzwi, na si kila ikisemacho ni kweli. Simama, uisikilize, utazame, kisha ushike njia yako pamoja nayo.

Na Tembo je? Mpaka leo hawezi kutulia bila kupepea masikio. Bado anamtafuta Ndundundu.

Hadithi yangu nimeitua hapa kama ndoo ya maji. Mwenye kiu amekunywa. Mwenye usingizi, mkeka ule pale, na miguu ioshwe kwanza.