Meneja Aliuliza Mara Mbili

Ndugu zangu, kulikuwa na mtu mmoja aliyeanza kazi kama karani wa mizani katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Alipima kwa haki, watu wakamwamini. Alipohamia kiwanda cha kuchambua pamba, wafanyakazi wakamchagua awe kiongozi wa chama chao.

Mle kiwandani vumbi la pamba lilikuwa jingi. Watu walikohoa mpaka damu. Wakamwendea: "Mzee, tusemee. Tuko nyuma yako."

"Mna hakika?"

"Wakitufukuza, watufukuze wote."

Akaandika barua kudai feni za kuvuta vumbi. Meneja akawakusanya wote uani. "Huyu anasema vumbi linawaumiza. Nani mwingine anasema hivyo?"

Meneja akauliza tena. Mama mmoja alishikwa na kikohozi, akajiziba mdomo kwa kanga. Mnadhani nani alijibu? Hakuna.

Yule kiongozi akafukuzwa siku hiyohiyo kwa kosa la uchochezi. Akarudi kulima, kifua kimeharibika, jembe halinyanyuki. Wenzake wakimwona njiani walivuka upande wa pili. Hakumaliza miaka miwili, akafariki.

Msibani walijaa. Wakahutubia: shujaa wetu, mtetezi wetu. Kisha akasimama karani wa meneja, aliyekuwa akimwandikia barua zake. Alisema polepole, "Feni zilikuwa zimeshakubaliwa. Wakubwa walitaka tu kujua kwamba si maneno ya mtu mmoja. Siku ile meneja alikuwa na karatasi ya kuziagiza mfukoni. Angejitokeza mwingine mmoja tu, angeisaini."

Mjane akamtazama. "Na wewe uliyejua, mbona hukusema?"

"Nilikuwa na watoto, mama."

"Hata yeye alikuwa nao."

 Wakazika, wakaondoka mmoja mmoja, wanakohoa.

Ndugu zangu, sisi tunamwomba Mungu atuletee watetezi. Anawaleta. Tunawapeleka mbele, halafu tunawaacha huko. Tunasema tuliogopa, na woga ule ni wa kweli, siukatai. Mimi pia ninao. Lakini yule mtu naye aliogopa. Tofauti ni kwamba alikuwa ametuamini.

Wiki hii, kazini kwako au hapa mtaani, yupo anayesema jambo ambalo wewe unajua ni kweli, na anasema peke yake. Jina lake unalo. Usingoje kumchangia sanda.