Tumbawe la Mwisho Nyuma ya Kioo

Kisa hiki nimekibeba miaka mingi na sijapata jawabu lake. Sogeeni, pengine mmoja wenu atanitua mzigo.

Walikuwapo watu watatu. Bi Mwanakheri, mchokoaji wa pweza mashimoni mwao, nyayo zake ziliujua mwamba kuliko macho ya wengine. Vuai, fundi wa matangi katika maabara ya bahari, alionja maji akajua yana kasoro gani. Asya, mtafiti, alikuwa na ulimi wa kumliza mtoto wa shule kwa ajili ya jiwe.

Mwaka bahari ilipopata joto, mwamba wote ulipauka kama mfupa. Bi Mwanakheri alitembea bamvua nzima, siku zile maji yanapokupwa mbali, akaona tumbawe moja tu lenye rangi, kubwa kama kiganja. Akalileta maabara ndooni kwa maji yake, amelifunika kanga. Asingeliona, lingekufa.

Umeme ukakatika siku nne. Vuai akapoza tangi kwa chupa za barafu, akasukuma hewa kwa pampu ya baiskeli. Asingekuwapo, lingekufa.

Wakubwa wakataka kufunga chumba cha maonyesho, kwa kuwa hakikuwa na watazamaji. Asya akasimama mbele ya kioo, akasimulia, hadi foleni ikatoka nje ya geti. Asingesema, lingekufa.

Likaishi miaka saba. Kisha likaanza kupauka, na hapakuwa na dawa.

"Lirudisheni likafie kwao," alisema Bi Mwanakheri.

"Bibi, kule maji yanachemka," alisema Vuai. "Unalipeleka jikoni? Libaki nami hadi mwisho."

"Kwani humo tangini ni peponi, mwanangu?"

Asya alitaka likatwe lingali na rangi, lihifadhiwe kwenye chupa, wajukuu walijue. "Na bibi," aliongeza kwa upole, "desturi yenu wachokoaji ni kwamba shimo la pweza ni la aliyeliona kwanza, lakini asipolitembelea bamvua tatu, haki yake imekwisha. Sasa ni miaka saba."

"Na kila bamvua, wenzangu wakiwa mwambani, nani alikuwa kwenye foleni yako, akisukumwa na watoto wa shule?"

Asya akainama. Alikuwa akimwona kila mara, asijue amefuata nini.

Mkuu wa maabara, ambaye hakuwa amelifanyia lolote, aliamua lirudi baharini. Simlaumu, mtu alipaswa kuamua. Miguu ya Bi Mwanakheri ilikuwa haimudu tena mwamba, na Asya hakuweza kutazama. Akalibeba Vuai, aliyepinga, kwa ndoo ileile na kanga ileile. Akalipachika kwenye ufa wa mwamba, bibi akimwelekeza kwa fimbo kutoka ufukweni. Kisha akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

Siwaulizi kama lilipona. Nawauliza hili: mmoja aliliona, mmoja alilitunza, mmoja alilisemea. Kama kifo ndicho kilichobaki kugawiwa, wewe ungempa nani haki ya kukichagulia mahali?