Besi ya Fisi Sebuleni kwa Simba

Mwaka ule mvua ilisusa. Mito ilikauka, madimbwi yakapasuka kama visigino vya mzee, na Mamba, ambaye tangu azaliwe hajamwonea mtu haya, alionekana barabarani na mwavuli akiulizia kazi ya nchi kavu. Maji yalibaki mahali pamoja tu: bwawa la Simba, juu mlimani, mbele ya mlango wa nyumba yake, lililozungushiwa ukingo wa mawe.

Simba hakuwa mchoyo. Alikuwa na majivuno tu, na mwenye majivuno hatoi kitu bila kusifiwa kwanza. Akatangaza:

"Maji yangu hayaombwi bure! Anayeyataka aje anipigie muziki. Na sitaki ngoma za kutimuliana vumbi. Nataka jazi ya sebuleni: wapigaji wachache, wasikilizaji wamekaa na adabu zao. Tena iwe na kila aina ya muziki ndani yake, maana mimi ni mfalme wa kila aina ya mnyama."

Hakuna aliyejua jazi ya sebuleni ni kitu gani. Simba mwenyewe hakujua. Alilisikia neno hilo kwa Kunguru aliyerudi kutoka mjini, likamkaa vizuri mdomoni.

Chini ya mlima, katika Bonde la Mikwaju, makinda ya Chiriku yalikuwa yamenyamaza. Ukoo huo husema hata usingizini, kwa hiyo ukimya wao ulimtisha mama yao kuliko jua. Akaruka hadi kwa Sungura.

"Kaka Sungura, wanangu hawalii tena. Wanafungua midomo tu."

Sungura, mwenye maneno mengi kuliko hakimu, safari hii aliinuka kwanza. Alinyanyua mkono, akautungua udi wake wa nyuzi ukutani.

Ndivyo bendi ilivyozaliwa. Sungura akashika udi, Chiriku akawa mwimbaji, na Kobe akaleta ngoma, yaani gamba lake, ambalo alilipiga kwa vijiti viwili bila kulivua. Fisi alijileta mwenyewe. Alikuja na besi ya kusimama, kubwa kuliko yeye, yenye tumbo la mbao, matundu mawili kifuani na mguu wa chuma wenye ncha. Aliirithi kwa mjomba wake. Kuipiga hakujua.

"Mbona sisikii kitu?" Kobe aliuliza walipokuwa wakijaribu.

"Napiga sauti ya chini kabisa," Fisi akamjibu. "Wasiosomea muziki hawaisikii."

Kobe aliona aibu kuuliza tena. Wakakubaliana jambo moja, na Fisi akaliapia: kila tuzo ya maji itatiwa kwenye mtungi wa bendi, mtungi uteremshwe bondeni, na makinda ya Chiriku yanywe kwanza.

Siku ya kwanza, sebuleni kwa Simba, walianza na taarab. Sungura alipohamia kwenye rumba, Kobe, kwa mwendo wake ule ule wa ukoo, alikuwa bado yumo katika taarab. Chiriku alipoingia wimbo wa harusi, Kobe ndiyo kwanza anaifikia rumba. Sungura alijua wameaibika. Akakaza macho sakafuni, akingoja kuliwa.

Simba akafumba macho. "Mmesikia? Nyimbo tatu ndani ya mmoja! Hiyo ndiyo jazi niliyokuwa naisema."

Bibi Tembo, aliyekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, alipiga makofi kwa masikio. Wageni wakainuka kutuza, kama wafanyavyo kwenye taarab ya harusi, wakija mbele kwa madaha mmoja mmoja, ila badala ya noti kila mtu alishika bakuli la maji, aliyoruhusiwa na Simba kuteka bwawani.

"Leteni huku," alisema Fisi, "wenzangu mikono yao ina kazi."

Akawa anapokea bakuli, anainama, anageuka kama mwenye staha, na kumimina. Hakumimina kwenye mtungi. Alimimina tunduni mwa besi.

Mwisho wa onyesho mtungi ulikuwa umelowa chini tu.

"Wakubwa wachoyo sana," Fisi alisikitika.

Sungura alimtazama. Asubuhi Fisi alikuja na besi begani akipiga mluzi. Sasa alikuwa anaiburuta, ulimi nje, na ule mguu wa chuma ukiilima njia kama jembe, kutoka mlangoni kwa Simba, kupitia katikati ya bonde, hadi kwake Fisi upande wa pili. Kila lilipodondoka tone, siafu walipanga foleni.

Ikawa hivyo kila onyesho. Fisi alifika mwepesi akaondoka mzito, na mfereji ulioachwa na ule mguu wa chuma ukazidi kina. Chiriku alirudi na maji ya kujaza mdomo wake tu, akawagawia wanawe, kisha akaenda nyuma ya mti kulia asionekane.

"Si tumshike tu?" Kobe aliuliza.

"Ukimshika Fisi kwa wizi," Sungura akasema, "ataapa kwa mama yake mpaka wewe ndiye uombe radhi."

Akapanda kwa Simba. "Mtukufu, bila shaka unafahamu kwamba katika jazi kila mpigaji hupewa zamu yake, wengine wakanyamaza."

Simba hakuwahi kusikia jambo hilo. "Nafahamu!" akanguruma. "Nashangaa mnachelewa nini!"

Basi alasiri ile, tuzo zilipokwisha pokelewa na besi imeshiba, zamu zikaanza. Sungura alipiga, Chiriku akaimba, Kobe akapiga wimbo wa onyesho lililopita. Macho yote yakamgeukia Fisi.

"Besi yangu inaumwa koo," Fisi alisema.

"Piga!" akafoka Simba.

Fisi akavuta uzi. Besi ikasema: *Gubu. Gubu-glu.*

Simba akatazama kulia na kushoto ajue kama ameipenda. Ghafla Bibi Tembo akaangua kilio.

"Mto wa kwetu! Ndivyo ulivyokuwa ukilia chini ya daraja!"

Sebule nzima ikalia. Walikuwa hawajasikia sauti ya maji yanayotembea tangu mwaka uanze, na iliwauma. Mabakuli yakamiminika upya. Sungura akamsogelea Fisi sikioni.

"Kaka, tuzo za zamu yako ni zako peke yako. Mtungi haumo."

Fisi hakuhitaji kuambiwa tena. "Besi nayo husikia kiu!" akawatangazia watu, na sasa akamimina waziwazi, wakishangilia. Mbao zikaanza kuvimba. Nyuzi zikalia zenyewe.

"Kaka Fisi!" Chiriku akapaza sauti. "Bakuli moja tu, la wanangu!"

"Dada, usinivurugie zamu yangu," alisema Fisi, akamimina na hilo.

*Paaa!*

Besi ilipasuka kuanzia shingoni hadi mguuni. Maji yote yakamwendea Simba, manyoya ya shingo yakamlala, akabaki kama paka aliyenyeshewa. Bibi Tembo alishtuka, akajivuta nyuma na fremu ya mlango ikiwa kiunoni, akaenda kukaa kitako juu ya ukingo wa bwawa. Mawe yakaachia. Maji yakatoka, yakatafuta pa kupita, yakaukuta mfereji wa Fisi ukiwa tayari, yakateremka nao.

Baadaye Sungura alidai kwamba yote hayo aliyapanga. Mwongo. Alipanga besi tu.

Wote walimwangalia Simba. Maji yakamchuruzika puani. Akajikohoza.

"Nilikusudia," alisema. "Jazi huishia hivyo."

Wakapiga makofi. Fisi hakuyasubiri. Alikimbia kando ya mfereji ili ayatangulie maji, lakini bonde zima lilikuwa limeinama pale likinywa, pembe kwa pembe, na hadi yafike mlangoni kwake yalikuwa tope.

Chiriku aliwanywesha wanawe, wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja, kila mmoja na wimbo wake. Akakaa tawini, akawaacha wapige.

Jioni Sungura alipita kwa Fisi, akamkuta amechutama, analamba tope na kulaani.

"Ni nani huyo," Fisi alifoka, "aliyechimba mfereji na kupeleka maji yangu kwa watu?"

"Ni fundi mmoja hodari sana, kaka," alisema Sungura. "Alichimba kila siku, ulimi nje, na hakutaka hata asante."