Kilima Kilichopewa Umri wa Uongo

Hapo zamani, na hii si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, kompyuta zilipokwisha kukaa juu ya meza za ofisi, palikuwa na kilima katika nchi ya Wanyiramba, jina lake Msuhaa. Juu yake palikuwa na makaburi ya mawe. Waliozikwa humo hakuna aliyewajua majina. Lakini kila mwaka, kabla ya mvua, ukoo wa Bibi Nakembetwa ulipanda kuwasalimu, na bibi huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wao.

Akaja Dakta Kitundu, mchimbaji wa mambo ya kale. Akaomba ruhusa, akachimba pembeni kwa adabu, akapata makaa ya moto wa mazishi. Akayapeleka kupimwa, akarudi na jibu: watu wale walizikwa yapata mwaka 1100 Kabla ya Kristo. Bibi akacheka. "Kwamba ni wa kale tulijua, mwanangu. Hatukujua kale ina namba."

Basi makumbusho ya wilaya yakamwita Nzitu, fundi wa kompyuta, ajenge kanzidata, yaani ghala la kutunzia habari za kila kaburi na kila chungu. Nzitu alikuwa hodari, na alikuwa na haraka. Mahali pa tarehe akaweka kisanduku alichozoea kuwawekea watu wa shule na hospitali: siku, mwezi, mwaka. Kisanduku hicho hakikujua kwamba dunia ilikuwa na watu kabla ya mwaka wa kwanza.

Dakta alimwonya. "Binti, vitu vyangu vingine ni vya kabla ya Kristo."

"Nitakuongezea, Dakta."

Kazi nyingine ikaingia, na nyingine juu yake. Hakuongeza.

Zamu ya kujaza ghala ikamwangukia karani, Shango. Na tangazo lilikuwa limetoka: kaburi ambalo halitakuwamo kwenye kanzidata mwezi ukiisha, halitalindwa na mtu. Siku ya mwisho Shango akaandika 1100 KK. Kisanduku kikawaka rangi nyekundu, kikakataa. Akaweka alama ya kutoa, kikakataa. Akakiacha wazi, kikakataa. Akampigia simu Dakta, aliyekuwa ameshahamia machimbo mengine, mbali.

"Weka chochote kipite," Dakta akasema. "Nikirudi nitasahihisha."

Shango akaweka tarehe mosi Januari 1900. Kisanduku kikapokea bila neno. Dakta alirudi, naam, alirudi. Hakusahihisha.

Sasa sikilizeni. Sheria ya wilaya ile ilisema kaburi la miaka isiyofika mia mbili huhamishwa, likishapita hapo haliguswi. Wakaja watu wa kupasua kokoto za barabara. Wakauliza, je, Msuhaa inaguswa? Ofisi ikaiuliza kompyuta. Kompyuta ikajibu 1900. Kibali kikatoka, na hakuna aliyemwita Bibi Nakembetwa.

Asubuhi ya kupasua, Nzitu alikuwa makumbusho akirekebisha printa. Akaliona jina la Msuhaa kwenye kibali kilichobandikwa ukutani, na mwaka wake kando. Akasimama. Bibi yake mzaa baba, aliyekufa akiwa mkongwe, alikuwa akisema kwamba hata babu wa babu zake waliyakuta makaburi yale yakiwa na kuvu. Akarudi kwenye kompyuta, akaviita vitu vyote vya kale sana vilivyomo ghalani. Vikajipanga mbele yake. Vyote vilikuwa na tarehe moja. Mosi Januari 1900, mosi Januari 1900, mpaka chini ya kioo.

Akamgeukia karani.

"Shango! Umefanya nini?"

"Kisanduku chako kilikataa," Shango akasema. "Ningefanya nini?"

Nzitu alikuwa ameshatoka. Juu ya pikipiki, upepo ukimpiga usoni, akampigia Dakta. "Wanapasua Msuhaa! Mtafute mkuu wa wilaya, mwambie umri wake wa kweli, sasa hivi!"

Alipofika, Bibi Nakembetwa alikuwa ameketi juu ya jiwe na watu wa ukoo wake nyuma yake. Upande wa pili wa kilima baruti ilikuwa imekwisha kutegwa.

Nzitu akamkimbilia msimamizi. "Simamisha! Hicho kibali ni cha uongo!"

"Kina muhuri, dada."

"Ghala lililotoa huo mwaka nimelijenga mimi. Nakwambia ni uongo!"

"Basi niletee kibali kingine chenye muhuri."

King'ora kikalia. Nzitu akamshika Bibi, wakalala chini pamoja. Ardhi ikaruka. Vumbi lilipotulia, kaburi kubwa kuliko yote halikuwapo. Ndipo simu ya msimamizi ikalia. Alikuwa mkuu wa wilaya. Mashine zikazimwa. Yaliyobaki yakapona.

Ukoo ukakaa kikao, wakaitwa Nzitu, Shango na Dakta. Wakasema, wafu wamevunjiwa nyumba, lazima kondoo mweusi achinjwe pale palipobomoka. Na mwenye kosa ndiye atakayemshika kamba, alitaje jina lake mwenyewe mbele ya wafu kwamba ndiye aliyekosa.

Shango akasema, "Niliandika uongo, sikatai. Lakini nisingeuandika, Msuhaa isingekuwamo ghalani hata kidogo, na leo yasingebaki hata hayo yaliyobaki. Tena niliuliza kabla sijaandika."

Dakta akasema, "Mimi ndiye niliyeupata ukweli na kuutoa. Nilimwonya fundi. Nilimwambia karani aweke chochote, ndiyo, lakini sikumwambia afiche. Angeandika hata neno moja pembeni. Na simu iliyosimamisha mashine ni yangu."

Wote wakamtazama Nzitu. Alitaka kusema kwamba mlango uliofungwa haumlazimishi mtu kupitia dirishani. Akasema, "Kisanduku changu kilikataa. Hakikudanganya." Kisha akalitazama shimo, akaona aibu. "Lakini kiliukataa ukweli kikaupokea uongo, na mimi niliahidi."

"Basi tumshike sote watatu," Dakta akasema.

Bibi Nakembetwa akatikisa kichwa. "Kondoo wa tambiko ana kamba moja, na hashikwi na mikono mitatu. Wafu wataambiwa jina gani? Watatu wakishika, kila mmoja atalegeza mkono akidhani mwenzake ameshika."

Akaleta kondoo, akainyoosha kamba katikati yao.

Wasikilizaji, kamba ile bado imenyooshwa. Mmoja aliujua ukweli akauacha njiani, mmoja aliunyima mlango, mmoja aliuvika nguo ya uongo ili uingie. Je, nani alistahili kumshika kondoo?