Nani Ambadilishie Jina Mtoto wa Somoe

Hapo zamani, si ile ya majini, ni hii yetu ya mihuri, Somoe wa Kilwa alikuwa na binti aliyehara, akavimba miguu, akalegea. Kila zahanati ilisema utapiamlo, mlisheni. Somoe akalisha mpaka mikono ikamchoka. Mtoto akazidi kuvimba.

Mama yake Somoe, Bi Mwanahawa, akambeba mjukuu hadi hospitalini. Akafokewa, akarudi. Akafokewa, akarudi.

"Bibi, mtoto mnamnyima chakula," wakasema wauguzi.

"Basi mlisheni nyie, wanangu, tuone." Akakaa benchini.

Daktari mgeni, Mwaipopo, akamhoji, akapeleka damu kupimwa mbali. "Protini za mwili huvikwa sukari ndipo zifanye kazi," akasema. "Mafundi wake ni vimeng'enya. Huyu kimeng'enya chake kimoja ni kibovu, sukari iitwayo manosi haitengenezwi ya kutosha, protini zinatoka uchi. Tumnyweshe hiyo manosi."

Manosi ikaagizwa ng'ambo, ikafika bandarini, ikalala. Afisa forodha Mbaruku akauliza: ni sukari au dawa? Ofisi ya sukari ikajibu ni dawa. Ofisi ya dawa ikajibu ni sukari. Mtoto akaanza kupoteza fahamu. Mbaruku akasoma majibu yote mawili, akapiga mwayo, akatia kopo la manosi kwenye kapu lake la chakula, akampelekea Somoe. Kwa kosa hilo Mbaruku akahamishiwa mpakani, kwenye kituo ambacho barabara bado inajadiliwa.

Mtoto akanywa, uvimbe ukashuka.

Kwao, mtoto aliyeugua hivyo husemwa jina limemzidi uzito, nalo hubadilishwa. Aliyemwokoa ndiye huchagua jipya, naye huwa mzazi wake wa pili, wa kutunzwa uzeeni. Mmoja tu. Wakaja watatu.

"Ugonjwa niliujua mimi," akasema Mwaipopo. "Mngekuwa mnamshindilia uji hadi leo."

"Ukaujua, na kopo likabaki bandarini," akasema Mbaruku. "Mimi nimepoteza kiti. Na huko niliko sina mke wala mwana."

"Kopo alililaza nani, baba?" akauliza Bi Mwanahawa. "Nisingerudi na matusi ya hospitali mgongoni, daktari angempima nani?"

"Wewe ni bibi yake tayari, mama. Unataka vyeo viwili?" akajibu Mbaruku.

"Semeni polepole," akasema Somoe. "Ndiyo kwanza amelala."

Wakamtazama yeye. Naye, kwa uchovu, akawatazama ninyi mnaosikiliza. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?